Ngumi Iliyosimama Njiani

Saa kumi na moja jioni, hapa Masasi, jua likishuka na vilima vya mawe vikianza kuwa vyeusi, ndala ishirini na kitu hupangwa mlangoni mwa darasa moja ambalo madawati yake yamesukumwa ukutani. Hupangwa kwa mstari, visigino vikielekea ndani na ncha zikitazama nje, ili mtu akitoka avae na kwenda zake bila kugeuka. Mtoto aliyeziacha zake ovyo hurudi kuzipanga. Hapigiwi kelele. Mwalimu humtazama yeye, kisha huzitazama ndala, na mtoto anaelewa.

Nimekaa kwenye ngazi za darasa hilo jioni nyingi nikimsubiri mpwa wangu. Sisi watu wa huku, Wamakonde, Wamakua na Wayao, ukoo tunaufuata upande wa mama, na mtoto wa dada ni wa mjomba kwa maana ambayo watu wa mikoa mingine huchelewa kuielewa. Dada yangu yuko Newala, juu mlimani. Alinipa kijana wake akiwa na miaka tisa aje asome huku chini, na siku anamkabidhi aliniambia neno moja tu: "Kaka, huyu mkono wake mwepesi."

Mwezi wa kwanza wa kukaa nyumbani kwangu alimtoa mwenzake damu puani. Walikuwa wakicheza kwa korosho badala ya gololi, zikabishaniwa korosho mbili tatu, na kabla maneno hayajaisha ngumi ilishafika. Shuleni akachapwa. Sheria yetu inaruhusu: kanuni za adhabu ya viboko ni za mwaka 1979, na tangu 2002 zinataka viboko visizidi vinne. Sikumuuliza alichapwa vingapi. Jioni alipokuwa anaoga niliiona mistari nyuma ya mapaja, nikamuuliza amejifunza nini. Akanijibu bila ujeuri hata kidogo: "Nisimpige mwalimu akiwa karibu, mjomba."

Jibu lile lilininyima usingizi. Kijana alikuwa amesema kweli. Alikuwa amejifunza, tena amejifunza sawasawa na tulivyomfundisha sisi watu wazima: kwamba mwenye nguvu hupiga waziwazi na asiye na nguvu hungoja mahali pasipo na macho. Mwili wake ulikuwa haujapewa somo jingine.

Kwa watu wa rika langu karate ilitoka kwenye banda la video. Tulibanana kwenye mabenchi, tukamwona Bruce Lee akiwaangusha watu kumi peke yake, na tulipotoka nje kila mkorosho wa njiani ulipigwa teke. Hakuna aliyetufundisha kuinama. Kwa hiyo jirani yangu aliponiambia kuna mwalimu kijana, amekuja kikazi kutoka mkoa mwingine, anafundisha watoto karate jioni, niliogopa. Mtoto mwenye mkono mwepesi, nimwendee mtu wa kumwongezea uzito wa mkono? Nilimweleza mwalimu hofu yangu bila kuificha. Akasema nimlete, na mimi mwenyewe nikae nitazame.

Nilitazama miezi mitatu, na kwa miezi hiyo mitatu mpwa wangu hakupiga mtu. Alifundishwa kusimama. Alifundishwa kupiga magoti, kuinama, kuinuka, kuvuta pumzi kwa pua na kuitoa polepole tumbo likiwa gumu. Alifundishwa kukunja ngumi, maana kumbe hata ngumi ina utaratibu wake: vidole vinne hukunjwa kuanzia nchani, kidole gumba kikavifunga kwa nje, na anayekificha gumba ndani ya ngumi ndiye atakayekivunja. Fundi cherehani wa sokoni alimshonea suti ya amerikani, na mkanda wake mweupe tuliukata kwenye kitambaa hichohicho. Kuufunga tu kulimchukua wiki. Ncha mbili lazima zilingane urefu. Zikipishana, unafungua na kuanza upya.

Kisha ilikuja siku ya kusimama wawili wawili. Naieleza kwa kirefu kwa sababu kila ninachoamini kuhusu jambo hili kilianzia hapo. Mtoto mmoja anasimama wima, mikono chini. Mwenzake anarudi hatua moja, anavuta ngumi hadi ubavuni, anapiga kuelekea usoni kwa nguvu zake zote, na ngumi inasimama upana wa vidole viwili mbele ya pua. Wajapani wana neno kwa ajili ya kusimamisha huko, sundome, na ndani yake mna kipimo chao cha kale, sun, ambacho ni kama sentimita tatu. Anayepiga hatakiwi kupunguza kasi mapema, kwa kuwa ngumi iliyopozwa njiani haimfundishi mtu kitu. Naye anayepigiwa hatakiwi kufumba macho.

Siku ya kwanza mpwa wangu alimgusa mwenzake mdomoni. Siku ya pili akaogopa, ngumi yake ikaishia hewani mbali kabisa, kama mtu anayefukuza inzi. Mwalimu alimshika nyonga kwa mikono miwili. "Mkono hausimamishwi na mkono," akamwambia. "Unasimamishwa na hapa, na kisigino cha nyuma." Nilisimama pale nje nikajaribu mwenyewe, nikaona ni kweli. Ukirusha ngumi ovyo mwili mzima unaifuata, na anayekupita pembeni anaweza kukuangusha kwa kidole. Ili isimame pale unapotaka, kisigino kinapaswa kukaa ardhini, nyonga izunguke na kukoma, tumbo likaze, pumzi itoke kwa mara moja, na misuli ya nyuma ya bega ivute wakati ya mbele inasukuma. Ni kazi ya mwili wote. Mtoto wa miaka tisa hajawa na mwili wote. Ana mikono, ana miguu, ana kichwa, na kila kimoja kina haraka yake. Nilichokiona wiki baada ya wiki ni viungo vile vikijuana.

Siku ilipokaa sawa niliiona usoni mwake kabla ya kuiona mkononi. Ngumi iliruka, ikasimama, haikutetemeka. Mwenzake hakupepesa. Wakatazamana juu ya ile ngumi, muda wa pumzi moja, halafu wakainamiana.

Watu huorodhesha faida za michezo hii kwa mtoto: wepesi, mizani ya mwili, afya ya moyo na mapafu, usikivu darasani. Zote ni za kweli, na mtoto anayekimbia na mpira kiwanjani hupata sehemu kubwa ya hizo. Kitu ambacho sijakiona kikifundishwa mahali pengine ni kile cha juu ya ngumi iliyosimama. Mtoto anapewa nafasi ya kumwumiza mwenzake, akiwa na nguvu kamili na lengo liko wazi, na mwili wake wenyewe ndio unaokataa. Hakatazwi na fimbo wala na jicho la mwalimu. Wataalamu wa ubongo wanatuambia kwamba sehemu iliyo nyuma ya paji la uso, ile inayomzuia mtu asifanye la kwanza linalomjia, hukomaa polepole sana, hata mtu akafikisha miaka ishirini na kitu bado inajengeka. Tunapomwambia mtoto "jizuie" tunamwomba atumie chombo ambacho bado kinaundwa. Pale darasani nilikuwa nikitazama chombo hicho kikifanyishwa kazi mara hamsini kwa jioni.

Wala si kila mafunzo ya kupigana huleta hilo. Mwaka 1986 mtafiti wa Marekani, Michael Trulson, alichapisha matokeo ya jaribio dogo ambalo nadhani kila mzazi angepaswa kulisikia. Alichukua vijana waliokwishaingia kwenye uhalifu mdogomdogo, akawagawa makundi matatu. Kundi la kwanza lilifundishwa taekwondo ya Korea kwa njia ya zamani: salamu, kutafakari, miiko ya mchezo, pamoja na mapigo. La pili lilifundishwa mapigo na kupigana tu, mengine yakaachwa. La tatu lilikimbia na kucheza mpira wa kikapu. Baada ya miezi sita, ukali wa vijana wa kundi la kwanza ulikuwa umepungua. Wa kundi la pili ulikuwa umeongezeka. Teke ni lilelile, mguu ni uleule. Baadaye, mwaka 2004, Kimberley Lakes na William Hoyt walionyesha kwamba watoto wa shule waliofundishwa taekwondo badala ya kipindi cha kawaida cha mazoezi walipiga hatua zaidi katika kujitawala kuliko wenzao. Vijana wa Trulson walikuwa wachache, na simwambii mtu ajenge sera juu yao, lakini mzazi anayetafuta mwalimu atajua aulize nini: ndala zinapangwaje?

Jambo jingine lililonishangaza ni kwamba karate tunayoiona leo iliundwa na walimu wa watoto. Nilidhani ni mambo ya askari yaliyopunguzwa makali. Kumbe mwanzoni mwa karne ya 20, kisiwani Okinawa, mzee Anko Itosu ndiye aliyeiingiza shuleni sanaa iliyokuwa ikifundishwa kwa siri usiku, na akatunga mifuatano mitano ya mapigo, Pinan, kwa ajili ya wanafunzi. Mwanafunzi wake Gichin Funakoshi, aliyeipeleka Tokyo mwaka 1922, kazi yake ilikuwa ualimu wa shule. Chojun Miyagi, mwasisi wa mtindo wa Goju-ryu, naye alitunga mifuatano ya Gekisai mnamo 1940 kwa ajili ya vijana wa shule. Goju-ryu hiyohiyo ndiyo Mmarekani mweusi Nantambu Camara Bomani aliyokuja kuifundisha Dar es Salaam miaka ya 1970, pale Shule ya Zanaki, na waliofundishwa wakafundisha wengine.

Na pwani yetu haikuwa tupu kabla ya hapo. Aliyeona kirumbizi anajua: wawili wanaingia uwanjani na fimbo, zumari inalia, wanazungukana, wanatishana, wanapanga na kupangua, na fundi wa mchezo ni yule anayeonyesha kwamba angeweza kukugusa.

Huku kwetu kuna jando. Ya kumbini hayasemwi barazani nami sitayasema, ila linalojulikana na wote halina ubaya. Mtoto huchukuliwa na wenzake wa rika, hukabidhiwa kwa watu wazima wasio wazazi wake, hufundishwa kwa nyimbo na mafumbo, huvumilia maumivu bila kulia, na hutoka akiwa mwingine, kichwa kimenyolewa, nguo mpya, jina jipya. Zamani ilikuwa miezi. Siku hizi wengi hutahiriwa hospitali, jambo ambalo ni jema na limeokoa maisha, na ngoma yenyewe hubanwa ndani ya likizo ya shule. Wiki chache tu. Ukishatoka, umekua, na tangu hapo hakuna mtu anayeufundisha mwili wako kitu mpaka ushike jembe au usukume baiskeli yenye magunia ya korosho.

Kwa hiyo sikuwahi kuiona karate kama mpinzani wa jando, ingawa wazee wawili wa ukoo walinijia kwa maneno. Mmoja aliuliza kwa nini mtoto wetu anamwinamia Mjapani. Nilimkumbusha yaliyopita hapahapa Masasi. Wamisheni wa Kiingereza wa shirika la UMCA walifika 1876 pamoja na watu waliokombolewa utumwani, na kwa miaka mingi jando ilikuwa mfupa kooni mwao. Wengine walitaka ikomeshwe. William Vincent Lucas, aliyekuwa askofu wa kwanza wa Dayosisi ya Masasi ilipoundwa mwaka 1926, alikataa njia hiyo. Aliiacha jando iwe jando, akaitia sala zake, wazee wakaendelea kuwa walimu, na watoto wa Kikristo wakaenda kumbini kama wenzao. Unaweza kubishana naye juu ya mengi, na wasomi wamebishana. Lakini babu zetu hawakuvunjika kwa sababu walipiga magoti katika kanisa lililojengwa na Waingereza, wala hawakuacha kuwa wana wa mama zao. Mji huu ulishaijua kazi ya kuishi na miiko miwili katika mwili mmoja. Mzee alinisikiliza, akanyamaza, akasema atakuja kutazama. Alikuja. Alikaa kwenye ngazi nami, na alipoona watoto wanaingia kwa kuinama mlangoni alisema kwa Kimakonde kitu ambacho kwa Kiswahili ningekiita "wana adabu", ila kile cha kwetu ni kizito zaidi.

Wasichana walikuwa wawili, baadaye wakawa watano. Ugumu wao haukuwa miguuni. Watoto wa kike wa huku, wanaopanda na kushuka makorongo ya Newala na ndoo kichwani, wana mizani ambayo mwalimu alikiri hajaiona kwingine. Mtoto aliyebeba lita ishirini bila kumwaga hafundishwi kunyoosha mgongo. Ugumu ulikuwa sauti. Kila pigo la mwisho huenda na ukelele kutoka tumboni, na wasichana wale walikuwa wamelelewa kushusha sauti mbele ya wakubwa. Mmoja wao, mwembamba, macho chini, alifungua mdomo wiki tatu pasitoke kitu. Siku ulipotoka, ule ukelele, kunguru waliruka juu ya bati na watoto wote wakageuka. Yeye mwenyewe alijishika mdomo. Kisha akarudia, kwa sauti kubwa zaidi. Sijui atautumia lini, na naomba asihitaji kuutumia. Ila anajua sasa kwamba anao, na uko wapi mwilini mwake.

Nisije nikaonekana nauza dawa ya kila ugonjwa. Mwalimu mbaya wa karate ni hatari kuliko kukosa mwalimu, kwa kuwa mtoto anamkabidhi mwili mzima. Anayewapiga watoto kwa jina la nidhamu, anayewagonganisha vichwa ili wazazi wafurahi, anayemvunjisha mtoto wa miaka minane vigae kwa mifupa ambayo haijakomaa, huyo aachwe siku hiyohiyo.

Na mpwa wangu alipiga tena. Mwaka mmoja na nusu ndani ya mazoezi, kwenye foleni ya maji, kijana mkubwa alimmwagia ndoo na kumtukania mama. Ngumi haikusimama. Nilimpeleka kwa mwalimu mwenyewe, nikitetemeka kwa hasira na kwa aibu. Mwalimu alimsikiliza mpaka mwisho. Alimwomba mkanda wake, akaukunja mara nne, akauweka mfukoni mwake. Kwa mwezi mzima kijana alikuja kila jioni, akafagia sakafu kabla ya wenzake kuingia, akakaa kwenye ngazi pembeni yangu akiwatazama, akafagia tena walipotoka. Hakuguswa. Wiki ya pili aliniambia, tukiwa njiani, kwamba alipopiga alisikia kabisa kisigino kikinyanyuka. "Kilinyanyuka kwanza, mjomba, halafu ndio mkono ukaenda." Nilikumbuka jibu lake la zamani, lile la mwalimu akiwa karibu. Safari hii alikuwa anajichunguza mwenyewe, ndani ya mwili wake, akitafuta ni wapi hasa mambo yalipoharibika.

Desemba iliyofuata nilimpandisha Newala. Wajomba ndio wenye kazi hiyo. Barabara ilikuwa na tope jekundu, korosho za mwisho zilikuwa zinaokotwa, na dada yangu alikuwa amekwishakoroga pombe ya kuwapokea ndugu. Yaliyofuata ni ya kumbini. Siku alipotolewa, amenyolewa, anang'aa mafuta, ngoma zikilia na bibi zake wakimtunza kwa vigelegele, alitembea katikati ya wenzake taratibu, kisigino kikikaa ardhini kila hatua, na mimi peke yangu katika umati ule nilijua hatua ile ameitoa wapi. Ila pengine mzee wa kumbi naye angesema ameitoa kwake, na asingekosea.

Januari tukarudi Masasi. Jioni ya kwanza alipanga ndala zake, akainama mlangoni, akaingia mstarini. Mwalimu akafungua daftari la mahudhurio, akaanza kuita. Alipofika kwake aliliita jina la utotoni. Kimya. Akaliita tena, akainua macho, maana kijana alikuwa amesimama mbele yake palepale. Mpwa wangu hakujibu. Mtoto ambaye jina lake limebaki kumbini haitikii jina hilo, hata aitwe na nani. Yule msichana mwembamba, ambaye ni wa huku na alijua, alinong'ona kitu. Mwalimu alitazama daftari, akatazama kichwa kile kilichonyolewa. Alichukua kifutio kwenye mfuko wa shati, akafuta, akapuliza vumbi la karatasi, akamsogelea na kumuuliza jina jipya linaandikwaje.

Kijana akamtajia, herufi moja moja.